Mhudumu Hanuni Bure

Mgeni akinuniwa mezani, lawama zote humwangukia mhudumu. Husemwa kwamba vijana wetu hawana adabu ya kazi. Mimi niliyehudumu hotelini miaka kumi na tisa hapa Dar es Salaam nakataa. Kijana huyo huyo, mgeni akibisha hodi nyumbani kwao Mbagala, humpisha kiti na yeye akakaa mkekani. Je, ndugu msomaji, ukarimu huo hupotelea wapi akifika kazini?

Mimi niliingia kwa kikaratasi cha mjomba. Hakuna aliyeniuliza kama napenda watu. Siku ya kwanza nilipewa shati la mtu aliyefukuzwa, jina lake lingali kifuani, pamoja na onyo moja: ukivunja glasi, mshahara unakatwa. Sikuonyeshwa vyumba, wala sikuonjeshwa chakula nilichotakiwa kukisifu. Somo nililolishika ni woga. Mgeni aliposema supu imepoa, nilibishana naye. Haikuwa kiburi, nilijua supu ile ningelipishwa mimi.

Wenye hoteli hujitetea kwamba mafunzo ni gharama, na kijana akishaiva huhamia kwa jirani. Ni kweli, wengine huhama. Lakini asiyefunzwa akibaki, ndiyo faida? Na mgeni asiyerudi tena, hasara yake imeandikwa katika daftari gani?

Hoteli za Ritz-Carlton zimejulikana kwa kumruhusu mfanyakazi wa kawaida kutumia hadi dola 2,000 kumtatulia mgeni tatizo bila kuomba ruhusa kwa mkubwa wake. Sisemi tuige dola hizo. Mimi ningetosheka na ruhusa ya bakuli moja la supu.

Hata sheria haiko upande wao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi, anapoanza, maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Hata hivyo, vijana wengi ninaozungumza nao walianza kama mimi, kwa kuambiwa tu, "Tazama wenzako wanavyofanya." Na wenzao nao walifundishwa na nani?

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mwajiri aliyemkunja kijana kwa vitisho siku ya kwanza asimdai tabasamu siku ya pili.