LEO MGENI NI MBARA, KESHO NI JIRANI



Kila uchaguzi unapokaribia huzuka Pwani wanasiasa wenye dawa moja kwa maradhi yote. Huna shamba? Mgeni amelichukua. Mwanao hana kazi? Mgeni ameipata. Samaki wamepungua? Mgeni amewavua. Basi aondoke mgeni, husema, na neema itarejea. Chama kinachosema hivyo hubadilisha jina, rangi na alama, lakini hotuba ni ile ile tuliyoisikia tangu mwaka 1991. Huko Ulaya vyama vya namna hii huitwa vya mrengo wa kulia, kama Alternative für Deutschland cha Ujerumani, kilichoundwa mwaka 2013. Kwetu havijiiti hivyo, ila wimbo ni mmoja: sisi ndio wenye nchi, wale ni wa kuja, na taabu zetu zote zimeletwa na wale.

Miongoni mwetu sisi wapenda mageuzi, mabishano juu ya wafuasi wa siasa hizi hayajaisha. Wapo wasemao kwamba wafuasi hao ni wajinga walionunuliwa kwa leso na kilo mbili za unga, wala haifai kupoteza pumzi kwa ajili yao. Wapo pia wasemao kwamba, kwa kuwa kilio cha ardhi ni cha kweli, afadhali tuyanyamazie maneno ya chuki ili tusipoteze kura. Sisi tunazikataa rai zote mbili. Twaandika haya tukiitazama Kipini, kwa sababu hapa ndipo siasa ya ugeni inapojisuta yenyewe.

KILIO NI CHA KWELI

Tuanze na haki ya mlalamikaji. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana mwambao huu, walimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili kumi, na ncha yake ya kaskazini wakaiweka Kipini, mahali mto Tana uingiapo baharini. Hakuna mkulima wala mvuvi aliyeulizwa. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya hati za ardhi katika ukanda huo: mwenye dai alete ushahidi wake, na ardhi isiyodaiwa iwe mali ya serikali. Waliojua njia za ofisini wakapata hati. Wengi waliolima kwa jembe la mkono vizazi na vizazi, hasa Wamijikenda, wakaamka siku moja wakiwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Oktoba 1963 ukanda ukatiwa ndani ya Kenya kwa makubaliano ya serikali. Desemba Uhuru ukaja. Maskwota wakabaki maskwota.

Uhuru nao haukulitibu jeraha hilo. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza kinaganaga jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa wakubwa na marafiki zao nchini kote. Katika delta yetu mashamba na malisho yalitengewa miradi mikubwa ya mpunga na miwa, hata wakazi wakalazimika kwenda Mahakama Kuu kudai wasikizwe. Mwaka 2013 Mahakama iliamua kwamba mipango ya matumizi ya delta sharti iandaliwe kwa kuwashirikisha wenye kuishi humo.

Kwa hiyo anayemwita mfuasi wa siasa hizi mjinga hajamsikiliza. Mtu aliyenyang'anywa hahitaji kuhongwa ndipo akasirike. Hasira yake ni halali. Kosa liko kwa yule anayeichukua hasira hiyo na kuielekeza kwa mtu asiyemnyang'anya chochote.

DAWA ILIYOUZWA NI SUMU

Haifai kuchanganya mambo mawili. Majimbo aliyoyadai Ronald Ngala na chama chake cha KADU kabla ya Uhuru yalikuwa mpango wa katiba: madaraka yagawanywe ili makabila madogo yasimezwe na makubwa. Mtu aliweza kuukubali au kuukataa mpango huo bila kumwaga damu. Majimbo yaliyohubiriwa na wanasiasa wa KANU huko Kapsabet na Kapkatet mwezi Septemba 1991 yalikuwa jambo jingine kabisa. Wananchi walikuwa wakidai vyama vingi. Jibu walilopewa ni kwamba vyama vingi vikija, kila mtu arudi kwao. Kabla kifungu cha 2A cha Katiba hakijafutwa mwezi Desemba mwaka huo, nyumba zilikuwa zimeanza kuchomwa Bonde la Ufa. Kufikia mwaka 1993 shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba watu wasiopungua 1,500 walikuwa wameuawa na 300,000 kuyahama makao yao.

Sumu hiyo ikaletwa Pwani. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kundi lenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likawaua maafisa sita na kutwaa bunduki. Siku zilizofuata wabara waliwindwa nyumba kwa nyumba. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na wapatao 100,000 wakakimbia. Vijana walioapishwa huko Kaya Bombo walikuwa wameahidiwa mashamba, kazi na nyumba. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa watu waliodhaniwa kuwa wapiga kura wa upinzani.

Sisi tulio katika kazi ya sheria tuna desturi ya kuuliza: nani alifaidika? Vilivyoteketea ni vibanda vya wachuuzi na vyumba vya wapangaji. Je, skwota alikabidhiwa hatimiliki kwa kuwa jirani yake muuza viatu amechomewa kibanda? La hasha. Vijana wale wale walioahidiwa mashamba wakasakwa na polisi kijiji kwa kijiji, watalii wakatoweka, na ajira za mahotelini zikatoweka nao. Desemba ikafika, KANU ikavuna viti vingi vya Pwani kama ilivyovuna mwaka 1992. Tume ya Akiwumi ikaundwa mwaka 1998. Ripoti yake ikafungiwa, isitolewe kwa umma hadi mwaka 2002. Wenye hati za maelfu ya ekari hawakupoteza hata pima moja.

UGENI HAUNA MPAKA

Sasa tuje nyumbani. Wafuasi wa siasa hizi hutuambia: "Sisi hatuna ugomvi na jirani, ugomvi wetu ni na watu wa bara." Tunawaomba waitazame Kipini na delta yake, kisha watuambie mgeni ni nani. Mpokomo analima kandokando ya mto. Muorma na Muardei wanaleta ng'ombe mtoni kupitia njia za kunywesha, ziitwazo malka. Mswahili na Mbajuni wanategemea bahari. Mgiriama ana shamba lake, na Msanye alikuwa akiwinda misituni kabla ya wengi wetu kufika. Kila mmoja ana hadithi ya babu yake kufika, na katika kila hadithi kulikuwa na mtu aliyemtangulia au aliyemfuata. Ukichora mstari wa kutenga wenyeji na wageni, utaishia kuupitisha ukumbini kwa jirani yako.

Na mstari huo ulikwisha kuchorwa. Tarehe 22 Agosti 2012, kijijini Riketa, zaidi ya watu 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa zamu ya Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, hapa kwetu Kipini, ambako waliouawa walikuwa 38, tisa kati yao wakiwa polisi. Desemba 21 ikawa zamu ya Kipao. Katika maafa hayo yote hapakuwa na mbara wa kulaumiwa. Walikuwa ni Mpokomo na Muorma, watu walionunuliana maziwa na mchele tangu enzi za mababu. Ardhi na maji vilikuwa kiini cha ugomvi, lakini ugomvi wa malisho ni wa zamani. Jambo jipya lilikuwa uchaguzi wa Machi 2013, wa kwanza kuleta ugavana na serikali za kaunti, na wanasiasa waliopima kura kwa kabila.

Hili ndilo tunalotaka kila mwanaharakati alishike. Siasa ya ugeni haiishi akisha kuondoka mbara. Chama kisichokuwa na mpango mwingine sharti kila uchaguzi kipate mgeni mpya, na wa bara akiisha, mgeni atakuwa wa ng'ambo ya mto. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

SHERIA ISEMAVYO

Wengine hutuuliza: mbona msidai chama cha namna hii kipigwe marufuku? Tunajibu kwa uangalifu, kwa sababu historia inatufunza. Mwaka 1992 chama cha IPK kilinyimwa usajili kwa sababu kilidaiwa kuwa cha kidini. Mei mwaka huo ghasia zikazuka Mombasa, na wafuasi wake wakaenda kupiga kura chini ya mwavuli wa FORD-Kenya. Hatukifananishi chama kile na vyama vya chuki. Tunaonyesha upendeleo wa dola. Wakati ule ule, waliokuwa wakihubiri kufukuzwa watu majukwaani walilindwa na polisi. Mwaka 2010 serikali iliipiga marufuku MRC, iliyosema kwamba Pwani si Kenya. Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba marufuku hayo yalikiuka Katiba. Hatukubaliani na kaulimbiu ile, lakini uamuzi ule tunauheshimu. Wazo baya hujibiwa kwa hoja. Pingu ni za mtendaji na mchochezi.

Na mchochezi hana pa kujificha. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 39, inampa kila raia haki ya kuingia na kukaa popote nchini. Ibara ya 33 inasema uhuru wa kusema haumkingi mwenye kuchochea ghasia wala matamshi ya chuki. Ibara ya 91 inakataza chama kujengwa juu ya dini, lugha, ukabila au eneo, na kinachoendeleza chuki kimevunja masharti yake. Tunachodai ni kwamba sheria hii imshike mkubwa aliyeshika kipaza sauti kama inavyomshika kijana aliyeshika panga.

WAJIBU WETU

Kwa wanaharakati tunasema: acheni kumtukana mfuasi. Ketini naye, zungumzeni habari za shamba lake. Mwulizeni chama chake kimefungua kesi gani ya ardhi, kimepinga hati gani ya mkubwa, kimepeleka ombi gani kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Kisha msaidieni kufanya yale ambayo chama chake hakikufanya. Tangu mwaka 2016 tuna Sheria ya Ardhi ya Jamii, inayoziwezesha jamii kujiandikisha, kuchagua kamati na kulinda ardhi yao kwa pamoja. Kazi hiyo ni ya mihuri, orodha na mikutano mirefu. Haina ngoma wala leso. Lakini kijiji chenye hati mkononi hakiuziwi mgeni wa kulaumu. Na malka ziandikwe humo humo, ili mfugaji afike mtoni bila kupita juu ya mpunga wa mwenziwe.

Kwa waumini tunakumbusha mambo mawili. Kwanza, mwaka 1997 Kanisa Katoliki la Likoni liliwapokea maelfu ya waliokimbia, na halikuuliza kabila. Pili, yule aliyemwuliza Yesu jirani yake ni nani alikuwa mwanasheria, na alitaka apewe mpaka: huyu jirani, yule siye. Jibu alilopewa lilikuwa habari ya Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa, aliyesimama njiani kumfunga majeraha mtu asiyekuwa wa kwao. Basi kanisa la Kipini, ambalo ni dogo kati ya majirani Waislamu wengi, lina sababu mara mbili ya kuikataa siasa inayohesabu wengi na wachache. Mchungaji na imamu watoke pamoja, waende pamoja katika baraza, na walaani uchochezi kwa kulitaja jambo lenyewe, siku linaposemwa, hata kama aliyelisema ni mfadhili wa harambee yao.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji apone kwa kumfukuza mgeni. Sisi tulipopigania vyama vingi hatukupigania haki ya kila kabila kuwa na chama chake cha kufukuzia mwenzake. Tulitaka mtu apate kuuliza bila hofu ni nani aliyetwaa ardhi. Swali hilo bado halijajibiwa Kipini. Juma hili, katika kila kikundi chenu, andikeni majina ya mashamba yanayogombaniwa na ya wenye hati zake, kisha mlete orodha hiyo katika mkutano ujao.