Kiingereza cha Wahandisi Nacho Kina Istilahi Zake



Ndugu wazazi na wanafunzi wapendwa, mwaka huu nimeomba nafasi katika jarida letu niseme jambo ambalo silo la darsa zangu za kila siku.

Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, alinijia kijana aliyepata kusoma hapa madrasa. Sasa yuko chuo kikuu, mwaka wa kwanza wa uhandisi. Alikuwa na karatasi ya jaribio aliloanguka. "Ustadhi," akaniambia, "hesabu naijua. Swali ndilo lililonishinda."

Swali lilihusu boriti, yaani bimu kama wasemavyo mafundi. Urefu mita 6, katikati umewekwa mzigo wa kilonyutoni 40, na boriti yenyewe ni "simply supported". Kijana akayatazama maneno yale mawili. "Simply" anaijua tangu shule, ni kwa urahisi, hivi hivi tu. Akaona basi ni boriti ya kawaida, kama zile anazoziona kwenye nyumba zinazojengwa hapa Mbezi Beach, ncha zake zimeshikwa imara ukutani kwa zege. Akapiga hesabu ya boriti ya namna hiyo, akapata momenti ya kupinda ya 30. Jibu lilikuwa 60. Kumbe kwa wenye fani maneno yale yana maana moja maalumu: boriti imelazwa tu juu ya nguzo mbili, ncha zake hazikubanwa, zina uhuru wa kuzunguka. Mimi si mhandisi, ilibidi anichoree kwenye mchanga nje ya msikiti ndipo nikaelewa.

Tazameni, hakukosea kujumlisha wala kugawanya. Amekosa neno moja, na boriti yake imekadiriwa kubeba nusu ya kile itakachobeba kweli. Kwenye karatasi hiyo ni alama tano. Kwenye jengo je? Tunalikumbuka ghorofa lililoanguka mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013, watu 36 wakapoteza maisha. Sisemi liliangushwa na Kiingereza, la hasha. Nasema kazi hii aliyoichagua kijana wetu haina kosa dogo.

Sasa nije kwenu wanafunzi, maana nilimwambia yule kijana kwamba jambo hili amekwisha kulisoma hapa hapa, akiwa na miaka kumi. Tukifungua mlango wa saumu katika fiqhi, tunaanza na nini? Maana ya kilugha, kisha maana ya kisheria. Kilugha saumu ni kujizuia na jambo lolote, hata kusema. Ndiyo maana katika Suratu Maryam nadhiri ya Bibi Maryam ya kutosema na watu imeitwa saumu. Kisheria ni kujizuia na vinavyofunguza, tangu alfajiri mpaka kuzama jua, pamoja na nia. Anayejua maana ya kwanza peke yake hajajua kufunga. Hakuna mtoto wa darasa la tatu hapa anayechanganya hayo mawili.

Basi Kiingereza cha wahandisi ni hivyo hivyo. "Stress" mtaani ni mawazo yanayomkosesha mtu usingizi. Kwao ni nguvu ikigawanywa kwa eneo linaloibeba. "Fatigue" kwetu ni uchovu wa kutoka Kariakoo na mizigo. Kwao ni chuma kupasuka taratibu kwa kupakiwa na kupakuliwa mara nyingi, hata kama kila mzigo ni mdogo. "Work" nayo ina habari yake, maana ukisukuma ukuta mchana kutwa usisogee, kwao hujafanya kazi yoyote!

Lililonifurahisha zaidi ni hili. Katika viwango vya kimataifa vya ISO, "shall" ni sharti, "should" ni pendekezo, na "may" ni ruhusa. Mwanafunzi wa fiqhi akisikia hivyo anakumbuka mara moja wajibu, sunna na mubaha. Ni mfano tu, lakini anayesoma "shall" akaielewa kama "should" ameigeuza faradhi kuwa hiari.

Wazazi, wapo kati yetu wanaowatoa watoto madrasa wakifika kidato cha kwanza ili wapate muda wa tuisheni ya Kiingereza. Wapo pia wanaosema Kiingereza hakituhusu. Hawa wa pili nawakumbusha Zayd bin Thabit (R.A.), aliyeamrishwa na Mtume (S.A.W.) kujifunza maandishi ya Mayahudi. Hawa wa kwanza nawauliza: hiyo tuisheni inafundisha nini? Nimewasikia watoto wa shule za mabasi ya njano wakizungumza Kiingereza kama maji, na sina hakika kama wangeijua ile boriti. Kuzungumza ni jambo jema, ila kuzungumza siko kulikomwangusha kijana wetu.

Najua wapo wanaodai dawa ni kufundisha vyote kwa Kiswahili, na Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilitamka hivyo kwa ngazi zote. Mimi naliunga mkono. Lakini tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973, fani hii husomeshwa kwa Kiingereza, na mtoto aliye kidato cha pili leo hawezi kuisubiri sera. Tena hata kwa Kiswahili istilahi zitabaki. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ipo tangu 1990. Ni wangapi wameifungua?

Yule kijana tumekubaliana naye atakuja kila Jumamosi baada ya Alasiri, chuo kikiwa wazi au likizo. Wanaosoma sayansi kuanzia kidato cha kwanza waje na kitabu cha fizikia na daftari tupu lenye mistari mitatu ya kusimama: neno, maana ya kilugha, maana ya kifani. Wasichana watakaa upande wa darasa la Ustadhati kama kawaida. Hakuna ada.