Ndula za Trail Olkaria: Usinunue Rangi, Nunua Meno

Wikendi ikifika, mathree za kutoka Nai kwenda Vasha zinajaa wasee wenye kabegi mgongoni, chupa ya maji mkononi na ndula zinazong'aa kama taa za Krismasi. Wengine wanashukia Longonot, wengine wanaendelea hadi Hell's Gate na zile barabara za Olkaria zinazopita katikati ya mabomba ya mvuke. Zamani hii kitu ilikuwa ya watalii na wanafunzi wa safari ya Jiografia. Siku hizi kila mtaa una grupu ya WhatsApp ya kupanda milima au kukimbia porini, na kila grupu ina yule mse anauliza swali lile lile Alhamisi usiku: "Wasee, raba gani ni poa ya huko?"

Majibu sasa ndiyo noma. Mmoja atamwambia atafute ile yenye bamba la kaboni kama ya Kipchoge. Mwingine atamwambia raba ni raba, asisumbue watu. Wa tatu atatuma picha za duka la binamu yake. Hakuna anayeuliza huko chini kukoje, na hiyo ndiyo ingekuwa ya kwanza kuulizwa.

Olkaria ni volkano. Ndiyo maana KenGen wako huko: mtambo wa kwanza wa Olkaria I uliwashwa 1981 ukiwa na megawati 15, na tangu hapo visima vimeongezeka mpaka mabomba yanatambaa vilimani kama nyoka. Moto ule ule unaowasha stima ya keja yako ndio uliotengeneza ardhi unayotaka kukimbilia. Juu kuna majivu ya volkano, vumbi laini linaloingia hata mahali hukujua pana tundu. Kuna vijiwe vyepesi vyenye matundu, ndugu za lile jiwe unasugulia kisigino bafuni. Chini ya hayo yote kuna mwamba mgumu. Kwa hivyo kukimbia hapo ni kama mtu amemwaga mahindi makavu juu ya sakafu ya simiti halafu akakwambia ushuke mbio.

Kuna pia lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama chupa iliyovunjika. Watu wa zamani katika bonde hili walilichonga wakapata visu na vichwa vya mishale, so usidhani soli nyembamba italiweza. Ndula ya mbio za lami, ile yenye sponji nene iliyoachwa wazi chini ili kiatu kiwe chepesi, jiwe hilo linaichana vizuri sana. Thao kumi na kitu zinaisha Jumamosi moja.

Meno

Soli ya trail ina meno, na watu wengi wanaamini yakiwa marefu ndiyo bora. Hapo wauzaji wamewashika. Meno marefu ya milimita 6 na zaidi yametengenezwa kwa matope: yanazama, yanashika, halafu nafasi pana kati yao inaachia matope yaanguke. Kwa Aberdares wakati wa mvua, sawa kabisa. Lakini juu ya mwamba mkavu meno marefu yanapinda kila hatua, unahisi kama umevaa njumu za mpira kwenye kibaraza cha benki, na yanalika haraka. Kwa Olkaria na Hell's Gate, meno ya milimita 3 hadi 4, yaliyo mengi na mapana kidogo, yanatosha. Longonot, ambako njia imechimbwa na mvua mpaka imekuwa mifereji ya majivu, unaweza kwenda hadi 5 na usijute, hasa ukishuka.

Geuza kiatu ucheki mpangilio pia. Meno ya mbele yanafaa yaelekee mbele ili yakusukume ukipanda, na ya kisigino yaelekee nyuma ili yakufungie breki ukishuka. Kama soli nzima ina vijimstari vya mapambo tu, hiyo ni ndula ya kwenda nayo sherehe. Ukubwa wa herufi za TRAIL ubavuni hausaidii kitu.

Halafu kuna raba yenyewe. Raba laini inashika mwamba uliolowa lakini inaisha mapema. Raba ngumu inadumu lakini kwenye jiwe laini lenye maji inateleza kama sabuni. Ibonyeze kwa ukucha: ikikubali kidogo, ni laini. Hii inakuhusu kama mpango wako ni kushuka kwenye lile korongo la Ol Njorowa, ambako maji yamesugua kuta na sakafu kwa miaka mingi hadi zikawa laini, na chemchemi za moto zinachuruzika kwenye mawe.

Na hapa sitaki mtu adanganywe na kiatu. Aprili 2012 vijana waliokuwa wameenda na kundi la kanisa walisombwa na maji humo korongoni. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yakaua watu 7, na KWS wakalifunga. Mvua inaweza kunyesha mbali, kwako kuna jua, na maji yakaja tu. Uliza getini siku hiyo hiyo kama kuko wazi, na mawingu yakiwa mazito huko juu, kimbilia barabara ya bonde iliyo wazi. Mbuga yenyewe ina kilomita za mraba 68 na ushee, na ni kati ya chache Kenya unazoruhusiwa kutembea kwa mguu au kuendesha baiskeli, so nafasi haikosi.

Kidole gumba kinajua

Kama ningelazimika kuchagua kitu kimoja kati ya mshiko, sponji na saizi, ningechukua saizi, na singefikiria mara mbili. Kiatu chenye meno makali lakini kimekubana hakitakufikisha popote. Mguu unafura ukikimbia kwa saa mbili kwenye joto la Rift Valley. Ukishuka, kila hatua inausukuma mbele, kidole kinagonga ukuta wa kiatu, na Jumatatu ofisini una kucha nyeusi chini ya viatu vya ngozi. Nani hajaona mtu akishuka Longonot kinyumenyume kama anaogopa kumgeuzia mlima mgongo? Mara nyingi si magoti yanamsumbua, ni vidole.

Basi nenda kujaribu jioni, miguu ikiwa imeshachoka na siku, ukiwa na zile soksi utakazokimbia nazo. Simama, usikae. Mbele ya kidole kirefu kuwe na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Wengi wetu tulikua tukitembea peku ama na slipasi, na miguu ikatanuka mbele, wakati ndula nyingi za nje zimechongwa nyembamba. Toa ule unyayo wa ndani, uweke sakafuni, ukanyage. Mguu wako ukimwagika pande zote mbili, rudisha hicho kiatu kwenye rafu, hata kama rangi imekubamba vipi. Na usiamini mtu akikwambia kitatanuka na wakati. Cha ngozi labda. Hiki cha nailoni kitakuumiza leo na kesho.

Kisigino ni kinyume chake: kishikwe. Kikipanda na kushuka ndani ya kiatu utapata lengelenge kabla hujafika kwenye ile nguzo ya mwamba ya Fischer. Kabla hujakikataa kiatu lakini, jaribu kutumia lile tundu la mwisho la kamba ambalo watu huliacha bure. Pitisha kamba hapo itengeneze kitanzi kila upande, vusha ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, kaza. Kisigino kinatulia na vidole vinabaki na uhuru wao. Haina gharama na inaokoa ndula nyingi zilizohukumiwa bure.

Kuhusu zile zisizoingiza maji, mi naona kwa Olkaria ni kutupa doh. Joto linafungiwa ndani, jasho linageuka supu, na maji yakiingia kwa juu hayatoki. Kitambaa chenye matundu ni bora, ingawa vumbi la majivu litapita. Chagua chenye matundu madogo, vaa soksi inayopanda juu ya kifundo, na kubali kwamba utarudi na miguu ya rangi ya kijivu.

Mabingwa wako karibu kuliko unavyodhani

Kuna jambo ambalo habari zetu za michezo hulipita mbio zikiwahi marathoni. Wakenya wanachapa dunia kwenye milima pia. Patrick Kipngeno alichukua ubingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima Chiang Mai, Thailand, mwaka 2022, akarudia Innsbruck, Austria, 2023. Mwaka huo huo Sierre-Zinal, mbio za kilomita 31 kule Uswisi zenye kupanda mita 2,200 hivi, zilishindwa na Wakenya wawili: Philemon Kiriago kwa wanaume, Philaries Kisang kwa wanawake. 2024 Joyline Chepngeno akashinda upande wa wanawake. Kipngeno, Kiriago na Joyce Njeru wametoka kwenye timu ya run2gether, ya Wakenya na Waaustria, ambayo kambi yake ya Kenya iko Kiambogo, upande wa Longonot. Yaani majivu yale yale tunayolalamikia ndiyo uwanja wao wa mazoezi.

Sasa ingia duka la michezo Naks au Vasha uulize ndula ya trail yenye saizi kamili, upana kamili. Mara nyingi utaonyeshwa za kukimbilia lami na za gym. Za trail ziko zaidi Nairobi kwenye mall, na mpya ya kampuni kubwa inaweza kukula thao 15 na kuendelea. Bei hiyo ina usafiri na ushuru ndani yake, kisha kodi ya nyumba ya mall juu yake. Kijana wa Kongoni anayefanya vibarua kwenye shamba la maua hawezi kuanza kukimbia hivyo. Mwanariadha akishapata mdhamini anapewa viatu. Yule ambaye hajajulikana ndiye anavihitaji zaidi, na ndiye anajinunulia. Ndiyo maana naona hili ni suala la nani anapata nafasi ya kuwa Njeru wa kesho, kuliko la mitindo ya wikendi.

Enda walijaribu kulijibu. Kampuni hiyo ya Kenya, iliyoanzishwa na Navalayo Osembo na Weldon Kennedy, ilichangisha pesa mtandaoni 2016 kwa kiatu cha kwanza kilichoitwa Iten, na baadaye ikatoa cha trail kwa jina la Koobi Fora, ule upande wa Ziwa Turkana wenye mabaki ya binadamu wa kale. Wazo ni safi. Ila kiatu cha mbio kikitengenezwa kwa idadi ndogo hakiwezi kushuka bei hadi ya soko la mtaa, na huko sokoni kinakutana na mtumba na feki kwa pamoja.

Mtumba, tuseme ukweli, ndio uwanja wa wengi wetu. Ukiamkia Gikomba ama soko la Naks wakati marobota yanafunguliwa unaweza kupata kamera ya trail kwa thao mbili, tatu, ikiwa na meno karibu yote. Lakini soli si kila kitu. Sponji ya katikati hufa kimya kimya. Ibonyeze kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama mbao, au ina mikunjo mingi pembeni isiyonyooka, hiyo ilishamaliza kilomita zake kwa mzungu fulani. Iweke mezani uiangalie kwa nyuma. Kisigino kikiegemea upande mmoja, kitakuegemeza na wewe, na kifundo ndicho kitalipa. Kunja mbele usikilize: gamu iliyokauka hulia kabla haijaachia. Kiatu kilichokaa stoo miaka mingi kinaweza kuonekana kipya halafu soli ikakuacha kilomita ya nne, katikati ya pundamilia. Feki nayo ni rahisi kuijua kwa meno: yote ni magumu kama plastiki, na mguu wa kushoto na wa kulia haulingani ukiviweka unyayo kwa unyayo.

Kuna wengine hawana habari na mjadala huu wote. Wachungaji wa Kimaasai wanapita mawe hayo hayo na akala za tairi, na usicheke, kwa sababu soli ya kisasa yenye meno ina damu moja na akala. Mwaka 1935 Mwitaliano Vitale Bramani alipoteza wenzake 6 kwenye milima ya Alps, viatu vyao vikiwa havifai kwa baridi na mawe yale. Aliungwa mkono na Pirelli, wale wa matairi, na 1937 akatoa soli ya raba yenye meno iliyozaa Vibram, hiyo alama ya njano unayoiona chini ya ndula za bei. Akala inakosa kitu cha kushika kisigino, kwa hivyo kwa kutembea ni moto, kwa kushuka mbio utaiacha nyuma. Jiwe jeusi lakini haliigusi.

Ukiwa na thao tatu na mpango wa Hell's Gate mwezi ujao, amkia mtumba mapema na soksi zako mfukoni, na kwa wiki mbili za kwanza ikimbize kwenye murram ya karibu na kwako kabla hujaipeleka Olkaria.