Si "Kama Ugali Tu"

Jamani, naanza kwa kuungama. Siku yangu ya pili Durban nilimwambia bibi wa watu, tena jikoni kwake, kwamba ugali wake umeharibika.

Sikusema kwa ubaya. Nilikuwa nimealikwa Umlazi, kitongoji kikubwa kusini mwa mji, nyumbani kwa rafiki yangu niliyesoma naye chuo kikuu Manchester. Bibi yake, ambaye wote tulimwita Gogo kama Wazulu wanavyowaita bibi zao, alifunua sufuria. Ndani kulikuwa na unga wa mahindi uliopikwa, mweupe, lakini umevurugika chengachenga kama machicha ya nazi. Mimi, binti wa mama wa Iringa, niliyefundishwa kusonga ugali mpaka mwiko usimame wenyewe, nikacheka. "Gogo, mbona haukushikana? Nikusaidie?"

Rafiki yangu akatafsiri. Gogo akanitazama kwa huruma. "Ungeshikana, hapo ndipo ungekuwa umeharibika," akasema. Akanipakulia bakuli, akamimina amasi juu yake, yaani maziwa mazito yaliyoganda, akanipa kijiko.

Chakula kile kinaitwa uphuthu. Kinapikwa makusudi kiwe chenga, na sababu yake niliielewa kwenye kijiko cha kwanza: kila chenga inanywa maziwa, unapata uchachu na utamu wa mahindi kwa pamoja. Ugali wangu wa Iringa ungekaa chini ya bakuli lile kama jiwe.

Nilikula kimya, nikiwa na aibu, maana nilijiona. Kazini kwangu Reading, kila nikifungua chombo changu cha chakula cha mchana, kuna mwenzangu mmoja anachungulia na kusema, "Ah, polenta!" Ni mtu mwema. Lakini kwa neno hilo moja ameshamaliza. Ameshajua, haulizi tena. Kwa miaka mingi jambo hilo limenikera, na wengi wenu najua linawakera. Halafu mimi huyo huyo nimepanda ndege saa kumi na kitu kwenda kumfanyia Gogo hivyo hivyo.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Sisi tuliozaliwa ughaibuni, tukitembelea nchi nyingine ya Afrika, tunabeba tabia ile ile tunayowalaumu nayo Wazungu, ila tunaipa jina zuri zaidi: undugu. Pap ni ugali. Amagwinya ni maandazi. Amasi ni mtindi. Mogodu ni utumbo. "Sote Waafrika, chakula ni kile kile." Tunarudi nyumbani tumekula vitu kumi na hatujajifunza hata kimoja.

Chukua bunny chow, chakula ambacho kila mgeni wa Durban huambiwa asiondoke bila kukila. Ni mkate wa boflo uliokatwa robo au nusu, ukachimbwa katikati na kujazwa mchuzi wa nyama au maharage. Unaweza kusema, "Ni mchuzi na mkate tu, nyumbani tunakula kila Ijumaa." Mimi nilisema. Lakini hakuna mtu aliyeuchimba mkate kwa ajili ya mapambo. Wahindi walianza kuletwa Natal mwaka 1860 kufanya kazi ya mkataba kwenye mashamba ya miwa, na chakula hiki kimetoka kwenye jamii yao. Masimulizi ya jinsi kilivyoanza yako mengi. Moja linalosikika sana ni la enzi za ubaguzi, Mwafrika alipokuwa haruhusiwi kuketi mgahawani: mkate ukawa ndiyo sahani yake, akabeba, akaenda kulia nje. Ukishasikia hayo, huwezi tena kusema "mchuzi na mkate tu". Unaanza kwa kile kipande kilichochimbwa, unachovya, unakula kwa mkono, na unajua kwa nini hakuna uma.

Najua mtanijibu kwamba kufananisha ndiyo njia ya kuelewa. Kweli. Nyama kwa Kizulu ni inyama, na nilipoisikia mara ya kwanza nilifurahi kama nimeokota hela. Na undugu upo wa kihistoria pia: wapiganaji wa ANC waliishi Kongwa, mkutano wao mkubwa wa 1969 ulifanyika Morogoro, na watoto wao walisoma Mazimbu. Mama yangu husimulia mambo hayo kwa fahari. Sikatai. Lakini mlango si nyumba. Ukisimama mlangoni ukitangaza kwamba umeshafika, hutajua ndani kuna nini.

Tena undugu wa maneno ni rahisi kwa mwenye tiketi ya kurudi. Hilo nilifundishwa na mlinzi wa magari karibu na ufukwe wa Durban. Alinisikia nikiongea na mama kwa simu, akasubiri nimalize, akasogea.

"Dada, mimi natoka Bukavu," akasema kwa sauti ya chini. "Kiswahili tunasemaka nyumbani. Huku inje nasemaka Kizulu."

Nikamuuliza kwa nini. Akatazama kulia na kushoto kwanza. Alikuwa Durban mwaka 2015, maduka ya wageni yalipovunjwa na watu kuuawa. Waliofukuzwa walikuwa Waafrika, na waliowafukuza Waafrika. Neno "sote ndugu" halikumlinda. Alichoshika yeye ni lugha ya watu, majina ya jirani zake, na namna wanavyosalimiana. Hakujifunza ili afurahie safari. Alijifunza ili aishi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi watalii tunaondoka kabla ya jembe, na bado tunajiita wenyeji.

Halafu akacheka, akaniambia habari za binti yake wa miaka minane, aliyezaliwa Durban. Mama yake akisonga bugali, mtoto anauliza, "Mbona imeshikana hivi?" Kwake yeye, uphuthu ndiyo kipimo. Nilicheka pia, lakini nilimfikiria sana yule mtoto. Ni mwenzetu kabisa. Siku moja atakwenda Bukavu, atafunua sufuria ya bibi yake, na atasema kitu. Natumaini bibi huyo atakuwa na subira kama Gogo.

Usiku ule mama alipiga tena. "Haya mwanangu, hao wenzetu wanakula nini?"

Nikafungua mdomo niseme, "Kama ugali tu, Mama." Nikajizuia.

"Kinaitwa uphuthu," nikasema.

"Ndiyo kitu gani hicho?"

Ilinichukua dakika kumi kumweleza: unga, mvuke, chenga, maziwa, Gogo alivyonitazama. Mama akauliza maswali tele. Mwisho akaniambia nikirudi nimpikie.

Nimejaribu mara tatu hapa Reading. Kila mara unashikana.