Wito wa Kuyaondoa Matusi na Masimango katika Malezi

Ukatili wa kihisia, yaani maneno au vitendo vinavyomdhalilisha mtoto, kumtisha au kumfanya ajione hatakiwi, bado huchukuliwa katika kaya nyingi za Tanzania kuwa sehemu ya malezi, ilhali uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 ulibainisha kwamba takriban robo ya vijana waliohojiwa walitendewa ukatili huo na mtu mzima walipokuwa watoto.

Kujithamini, ambako ni namna mtu anavyoipima thamani yake mwenyewe, hujengeka kwanza kutokana na jinsi wanaomlea wanavyomtazama na kumsemesha. Mtoto aliyemwaga uji akiambiwa awe mwangalifu hupata jambo la kurekebisha. Akifokewa kwamba hana akili kama baba yake, habakiwi na la kurekebisha, kwa kuwa kilicholaumiwa si kosa bali ni yeye na asili yake. Mazito zaidi ni masimango anayopewa mtoto anayelelewa na ndugu, ambaye hukumbushwa kila sahani ya ugali anayokula na kila daftari alilonunuliwa, hata akaamini kwamba kuwapo kwake ni deni.

Husemwa mara nyingi kwamba mzazi hufoka kwa sababu anampenda mwanawe, na upendo huo hauna haja ya kutiliwa shaka, hasa kwa mama aliyeshinda sokoni tangu alfajiri na kurudi bila faida. Hata hivyo, utafiti wa Ming-Te Wang na Sarah Kenny, uliozifuatilia familia 976 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, ulionyesha kwamba vijana waliokaripiwa kwa ukali na matusi wakiwa na miaka 13 walizidi kuwa na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, pamoja na utovu wa nidhamu, na kwamba upendo wa wazazi haukuyapunguza madhara hayo. Matusi, kwa hiyo, huchochea utundu uleule unaokusudiwa kukomeshwa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto kwa namna ya kumdhalilisha, lakini sheria haiwezi kukaa jikoni kwa kila mtu; wanaoweza ni majirani, ndugu na wazazi wenyewe. Wananchi wanaombwa walifanye suala hili kuwa ajenda ya mikutano ya mitaa na vijiji, ya vikao vya wazazi shuleni na ya vikundi vya kuweka na kukopa, yaani vikoba, ambako kina mama huaminiana kiasi cha kuambiana ukweli, na viongozi wa misikiti na makanisa walizungumzie waziwazi. Jirani anayesikia mtoto akitukanwa asinyamaze kwa kisingizio cha mambo ya nyumba ya watu, wala asimwaibishe mzazi mbele ya mwanawe, bali amwendee faraghani hasira zikishatulia na kumsaidia kutafuta njia nyingine ya kumkanya mtoto. Pale ambapo udhalilishaji unaendelea, taarifa ifikishwe kwa ofisa ustawi wa jamii, kwa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya eneo husika, au kwa simu ya bure namba 116, ambayo mtoto mwenyewe pia anapaswa kufundishwa kuipiga.