VIBAO VIPYA, MITARO ILE ILE

Ndugu askari wa jeshi na polisi, mwezi Februari 2025 Mahakama Kuu ya Uganda iliamuru majina ya wakoloni yaondolewe katika barabara za Kampala. Hakuna mzalendo atakayelililia jina la Colville, aliyeivamia Bunyoro ya Omukama Kabalega mwaka 1893. Amri hiyo ni ya haki, na haina budi kutiiwa.

Lakini mwezi uliofuata mafuriko yaliua watu katika jiji hilo hilo. Kabla yake, tarehe 10 Agosti 2024, jalala la Kiteezi, lililopokea taka za jiji, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Maafa hayo hayakuletwa na uhaba wa vibao.

Kila kibao kina gharama zake: bati, rangi, nguzo, saruji na ujira wa fundi. Jiji lisilo na fedha za kutosha kuzibua mitaro lina wajibu wa kuwaeleza raia kazi hii itagharimu kiasi gani, na fedha zitatoka katika fungu lipi.

Sisi askari twajua kwamba kikosi chenye upungufu hununua dawa kabla ya kupaka rangi lango la kambi. Basi vibao vibadilishwe kwa mpango, barabara moja moja inapokarabatiwa, vikianzia pale ambapo gari la zimamoto au la doria hupotea njia usiku. Fedha zitakazosalia zipelekwe mitaroni kabla ya mvua nyingine kunyesha.