BMW kuukuu: Bei ya kununua ni mwanzo tu wa gharama

Lilipoanza kuuzwa mwaka 1998, BMW Mfululizo wa 3 la toleo ambalo mafundi wanaliita E46 lilikuwa gari la mabosi. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 2006. Leo hii bei yake imeshuka hadi kufikiwa na kijana mwenye mshahara wa kawaida, na wengi wanavutiwa nalo kwa sababu linakwenda kasi na limetulia barabarani. Swali ni je, bei hiyo ndogo ni nafuu ya kweli?

Jibu linaanzia kwenye sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo E46 zinazouzwa huko ni zile zilizokwisha kuingia. Tanzania inaruhusu, lakini gari dogo la umri huo hutozwa nyongeza ya ushuru wa bidhaa kwa sababu ya uzee wake. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, kwa hiyo, mara nyingi ni afadhali kununua lililokwisha kusajiliwa nchini, ambalo unaweza kulikagua kwa macho kabla ya kutoa fedha.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuchagua injini kwa bei. Gari la 318i lenye injini ya lita 2.0 iliyoanza kutumika mwaka 2001 lina nguvu za farasi 143, na cheni yake ya taimingi hupata matatizo pale vishikizi vyake vya plastiki vinapokatika. Gari la 325i lina silinda 6 na nguvu za farasi 192, wakati 330i linafikia 231. Hakuna chujio la hewa wala bomba la moshi litakaloipa 318i zile nguvu 49 za ziada kwa gharama nafuu. Utakachopata zaidi ni kelele. Anayetaka kasi anunue injini yenye kasi tangu mwanzo, na akubali kwamba itakula mafuta zaidi.

Kabla ya kulipa, mambo mawili yakaguliwe bila huruma. La kwanza ni mfumo wa kupooza injini. Tangi la maji la akiba na baadhi ya viungo vya mipira ya maji ni vya plastiki, na vikizeeka hupasuka. Injini ikichemka mara moja tu, silinda hedi ya aluminiamu inaweza kupinda, na hapo gharama ya matengenezo huweza kukaribia bei ya gari lenyewe. La pili ni sakafu ya nyuma, pale fremu inayobeba difu inapofungwa. Chuma cha hapo kinajulikana kwa kupata nyufa. Gari lipandishwe juu, fundi aingie chini na taa. Ufa mdogo huchomelewa na kuongezewa bamba. Mkubwa ni sababu ya kuondoka.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye shilingi milioni 15. Akinunua gari la milioni 14, ameshaingia matatani. Akinunua la milioni 10, anabakiwa na 5 za kubadilisha pampu ya maji, themostati, tangi la maji, bushi za mbele, shokabu, breki na tairi nzuri. Baada ya hapo gari litakuwa na mwendo wake wa asili, ambao ndio uliomfanya alitamani. Maboresho ya nguvu na urembo yasubiri.

Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Wanaanza na rimu kubwa na springi fupi, kisha matuta na mashimo ya barabara zetu yanapasua tairi na kugonga sampu ya oili. Wengine huambiwa na mafundi watoe themostati ili injini isichemke. Injini hii inaongozwa na kompyuta inayotegemea joto maalumu. Bila themostati hukaa baridi na kula mafuta. Vilevile, kujaza maji ya bomba badala ya kulanti huanzisha kutu ndani ya mfumo.

Spea zipo, Gerezani jijini Dar es Salaam na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, lakini ya bandia na halisi hukaa rafu moja. Nambari ya spea ilinganishwe na nambari ya chesisi kabla ya kununua. Na anayebadilisha injini au rangi ahakikishe kadi ya gari inarekebishwa, la sivyo atakwama siku ya kuuza.

Fedha ya maboresho hairudi wakati wa kuuza, kwani mnunuzi wa pili hulipia uzima wa gari. Asiyekuwa na akiba ya matengenezo pembeni, bora abaki na Toyota yake.